Saba Wasiotia Sahihi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, waigizaji wa nyuma arobaini walipanga foleni mbele ya meza ya plastiki katika shamba la kahawa lililo upande wa Mugutha. Walitia sahihi katika karatasi ya mahudhurio, wakapewa chai na mandazi mawili kila mmoja, kisha wakavishwa. Wanaume walivaa kaptura za kaki na makoti yaliyochanwa kwa mkasi. Wanawake walivaa shuka za amerikani zilizopakwa majivu. Bi Wanja, mjane wa miaka sabini na miwili kutoka Kimbo, alikabidhiwa kikapu cha kuchumia kahawa na kuonyeshwa mahali pake: kigingi cha tatu katika mstari wa wanawake. Kazi yake ilikuwa kusimama hapo na kutazama chini.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka sita. Katika muda huo alikuwa mfiwa mara kumi na moja, muuza viazi mara nne, na mgonjwa wa kwenye benchi mara nyingi kiasi cha kutohesabika. Waongozaji walimpenda kwa sababu hakuwahi kutazama kamera wala kutoa sauti. Waigizaji wa nyuma hawaruhusiwi kutoa sauti. Wanapotakiwa kuonekana wakizungumza huchezesha midomo tu, na mnong'ono wao huongezwa baadaye na mafundi wa sauti. Anayesema neno huharibu picha, na anayeharibu picha hurudishwa nyumbani.

Filamu ilihusu Hali ya Hatari, wakati Waingereza walipowasaka Mau Mau, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho, na tukio lilikuwa la msako. Wanaume wangepitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, yule ambaye wazee wa huko walimwita gakunia. Yeyote ambaye gunia lingeinama mbele yake angechukuliwa na askari hadi nyuma ya lori. Gunia alivishwa Jared, mwendesha bodaboda wa Mwiki, kwa sababu ya urefu wake.

"Shosho, leo mimi ndio Mungu," Jared alimwambia Wanja, akimwita nyanya kwa Sheng, wakinywa chai. "Nikiinamisha kichwa, mtu ameenda."

"Mungu havai gunia la mbolea," Wanja akamjibu. "Futa makombo mdomoni."

Philip, mwongozaji, alipoita "Ekshen!" kwa mara ya kwanza, wanaume ishirini na saba walipita mbele ya gunia. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa na wanaume ishirini. Alipoita "Kat!", walibaki ishirini. Ronny, msaidizi wake, alihesabu mara mbili, akaandika katika daftari "ziada saba", akaenda kuuliza kama hao saba wangehitaji chakula cha mchana. Philip aliitazama skrini kwa muda na kusema kwamba, kwa jinsi alivyoona, hawangehitaji. Mwanamke wa mavazi alilalamika kwamba saba hao hawakupitia kwake. Hata hivyo, alikiri kwamba tope la magotini mwao lilikuwa bora kuliko lile alilolitengeneza yeye.

Wanja hakuwaona mara ya kwanza, kwa kuwa alikuwa ameagizwa kutazama chini. Mara ya pili aliona miguu ikipita: viatu vya kampuni, viatu vya kampuni, kisha miguu mitupu yenye nyufa za kisigino zilizojaa udongo mwekundu. Miguu hiyo ilisita mbele yake. Aliinua macho kidogo tu, kiasi ambacho kamera haingekitambua, akamwona baba yake.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Wanja alimjua kutokana na picha moja ndogo ambayo mama yake aliihifadhi ndani ya Biblia. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa imechanika, kama mama alivyosimulia, na kipaji cha uso kilikuwa kile kile cha mtoto wa pili wa Wanja. Baba huyo aliitwa Githae. Alichukuliwa kutoka katika mstari wa wachumaji wa shamba hili hili, Wanja akiwa na umri wa miezi kumi, na mkewe akaambiwa kwamba angerudi jioni. Mkewe alimpikia jioni hiyo. Alifariki akiwa na miaka themanini na mmoja bila kuonyeshwa kaburi, naye alizikwa kule Gatundu, kando ya nafasi iliyoachwa makusudi upande wake wa kulia. Nyasi za nafasi hiyo Wanja alizikata kila Desemba. Kwa maisha yake yote alitaka kujua jambo moja tu, yaani mahali ambapo baba yake alilala, ili amtoe na kumpeleka pale.

Gunia liliinama. Askari wawili walimshika Githae, naye akapinga. Walimburuta, visigino vyake vikachora mifereji miwili katika udongo hadi nyuma ya lori.

"Kat!" Philip akaita. Mifereji ilibaki. "Anageuka geuka sana. Tena."

Mara ya tatu walimchukua tena. Mara ya nne vilevile.

Wakati wa mapumziko Wanja alimwendea Jared, aliyekuwa ameketi juu ya kreti, gunia likiwa mapajani.

"Kwa nini unamchagua yule mwenye sikio lililochanika?"

"Shosho, si mimi. Ronny aliniambia niinamie yule jamaa wa koti la kijani. Nikifika kwa huyo wako, kichwa kinaenda chenyewe."

"Ni baba yangu."

Jared alitazama mapajani. Alilikunjua gunia, akalikunja tena.

"Pole, shosho," alisema. "Wacha nijaribu kukikatalia."

Mara ya tano Jared aliipenyeza mikono chini ya gunia na kuishika taya yake kwa nguvu. Kwa mtazamaji alifanana na mtu anayeumwa na jino.

"Gunia, mikono chini!" Philip alifoka. "Sijamwita daktari wa meno hapa!"

Gunia liliinama hata hivyo, na Githae akaburutwa. Picha ilipokwisha, Jared alimwonyesha Wanja kisogo chake. Kilikuwa na alama nne za vidole.

Wanja aliwaendea pia wale walioigiza askari, akawauliza walimpeleka wapi Githae. Mkubwa wao, Mumo, alieleza kwa adabu kwamba wao walimfikisha nyuma ya lori tu. Hapo alipokelewa na watu wengine wawili wenye makoti marefu, nao hawakuambiwa wawafuate.

Basi akaenda kwa Ronny.

"Ronny, mwanangu, nipe dakika mbili na mmoja wa wale saba."

"Shosh, wale hawako hapa saa hii. Wako tu kamera ikiwa inaenda. Na kamera ikienda, wewe huongei. Si unajua sheria?"

"Naijua. Nimeitii miaka sita."

"Sawa basi. Jua likishuka tunafunga, na Jumatatu trekta inaingia hapa. Hakuna kurudi. Usiniangushe, shosh, tafadhali."

Jambo la trekta lilikuwa kweli. Mwenye shamba, Kahiga, mwanamume mpole wa makamo aliyelirithi kutoka kwa babu yake, alikuwa amekwisha kuligawa katika viwanja, na mawe ya mipaka yalionekana kati ya mikahawa. Ndiyo sababu kampuni iliruhusiwa kukanyaga popote. Kahiga mwenyewe alikuwa ameketi chini ya hema kando ya skrini, akinywa chai na kutazama.

"Nafasi zenu! Kimya!" Ronny akaita. "Ekshen!"

Wanaume walianza kupita. Wanja alitazama chini na kuhesabu miguu. Miguu mitupu ilipofika alipandisha uso.

"Baba," alisema.

Sauti yake ilisikika hadi kwenye hema. Ronny alijishika kichwa. Githae aligeuka, akamtazama yule mwanamke mzee mwenye kikapu, na uso wake ukalegea.

"Maitu," alisema, yaani mama yangu.

Kwa desturi ya Wagikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na mara nyingi hurithi na sura yake. Githae alikuwa amemwacha Wanja mmoja mgongoni mwa mkewe na Wanja mwingine nyumbani. Huyu aliyesimama mbele yake angeweza kuwa mmoja tu kati yao, naye alikuwa mama yake.

"Maitu, unatafuta nini hapa? Rudi nyumbani. Mtoto umemwachia nani?"

"Wanakupeleka wapi?"

"Si mbali. Wanasema ni maswali tu. Mtoto, maitu. Umemwachia nani?"

Gunia liliinama. Mumo na mwenzake walimshika. Wanja aliweka kikapu chini, akatoka katika kigingi chake na kuwafuata.

"Shosho! Huyo nani anatembea? Shosho, rudi!"

Philip aliinua mkono kumnyamazisha Ronny, kwa kuwa hakutaka kupoteza kilichokuwa kikionekana katika skrini. Kamera iliendelea. Nyuma ya lori Mumo na mwenzake waliachia, na watu wawili wenye makoti marefu wakapokea. Walimfunga Githae mikono kwa kamba ya katani, wakashuka naye kati ya safu za mikahawa. Wanja alifuata kwa kasi aliyoruhusiwa na magoti yake. Baba yake aligeuka mara mbili na kumwashiria arudi. Waliupita mtambo mbovu wa kumenyea kahawa, wakaingia katika bonde dogo, wakamwamuru apige magoti. Wanja alikuwa amebakiza hatua kumi.

"Kat!" sauti ilisikika kutoka mbali.

Bondeni hapakuwa na mtu. Palikuwa na kipande cha ardhi chenye upana wa hatua mbili, na kando yake jiwe la mpaka lililoandikwa nambari kumi na nne. Wanja alivua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga katika jiwe hilo ili asipapoteze mahali hapo. Kisha alisimama hapo mpaka Kahiga alipofika akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Habari ya leo, mama."

"Baba yangu yuko hapa."

"Nimeona kwenye skrini," Kahiga alisema. "Babu yangu nimemwona pia. Hata na gunia kichwani, nilimjua kwa vile anainama. Hivyo ndivyo alikuwa akiinama kanisani wakati wa kuomba."

"Nataka kumchimbua baba yangu."

"Nakuelewa, mama. Kabisa. Lakini ploti kumi na nne iko na hati, na iko na mwenyewe. Yuko ng'ambo. Ungekuja mwaka jana, tungeketi tuongee."

"Mwaka jana hamkuwa na kamera."

"Hapo umesema ukweli."

Kahiga aliinama, akakifungua kitambaa kutoka katika jiwe, akakikung'uta vumbi, akakikunja mara nne na kumrudishia Wanja kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Walipanda pamoja, bila haraka, kwa kuwa njia ilikuwa na mawe. Juu, Ronny alikuwa amekwisha kuagiza nguo za Wanja ziletwe.

"Picha hiyo haifai," Philip alisema. "Mgongo wa mama umeziba kila kitu. Na yule mfungwa bado anavutana nao, anaangalia nyuma. Mimi namtaka mtu ambaye amekubali. Tumebakiza dakika kumi za jua. Moja ya mwisho."

"Shosho atoke?" Ronny akauliza.

Philip aliutazama mstari wa wanawake. "Akitoka, hapo kutakuwa na pengo. Akiweza kunyamaza, abaki."

Watu wote walimgeukia Wanja. Alijifunga kitambaa chake kichwani.

"Nitanyamaza," alisema.

Alirudi katika kigingi cha tatu na kukiokota kikapu. Alipompita Jared, sauti ilitoka ndani ya gunia.

"Shosho, nisamehe."

"Simama wima," Wanja alimwambia. "Fanya kazi yako."

"Ekshen!"

Viatu vya kampuni vilipita. Vingine vilipita. Kisha ikaja miguu mitupu, ikasita.

"Maitu, unatafuta nini hapa? Mtoto umemwachia nani?"

Wanja aliinua uso wake wote. Alifumbua midomo na kuichezesha kama alivyofunzwa, polepole, bila pumzi na bila sauti. Yuko kwangu. Ameshiba. Amelala.

Githae aliisoma midomo hiyo neno baada ya neno. Mabega yake yalishuka. Aliitikia kwa kichwa mara moja kwa shukrani, kama mwana anavyomshukuru mama yake kwa jambo la kawaida la nyumbani, akageukia mbele. Gunia liliinama. Askari walipomfikia alikuwa amekwisha kuinyosha mikono yake. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi nyuma ya lori, mgongo ukiwa umenyooka, na udongo haukuchorwa hata mfereji mmoja.

Philip alisubiri mgongo huo upotee nyuma ya lori.

"Kat," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo ndiyo. Hiyo ndiyo nimekuwa nikiitafuta kutwa nzima."

Chini ya hema, Kahiga aliweka kikombe chake juu ya meza ili apate kupiga makofi.