Majivu Shinani mwa Kichaka cha Nimpaye

Msimulizi wenu, Mzee Fideli, anaapa hapa kilabuni mbele ya wanywaji wote: hii ni kweli tupu, na anayebisha radi imchape akiwa amekaa.

Nimpaye wa Murukulazo alikuwa na kichaka kimoja tu, mbegu yake ilitoka misitu ya Kongo. Tunda lake jekundu, dogo kama la kahawa. Ukilitafuna, kila kichachu kinageuka asali mdomoni. Basi pombe yake ya ndizi hata ikichacha, mnywaji anatafuna tunda, anakunywa, anaomba nyingine. Wateja wote wakahamia kwake. Kwa shemeji yake Gidioni, naye muuza pombe, wakabaki nzi.

Gidioni alijua pa kupiga. Majivu tunayomwagia migomba, kichaka kile hukiua. Mche wa kwanza ulikufa hivyo, Nimpaye akaulilia kama maiti.

Jumapili, watu wakiwa misani, Gidioni akaja na ndoo mbili za majivu. Nimpaye, aliyerudi kuchukua mtandio, akamkuta ameinama anamwaga.

"Shemeji, unamzika nani hapo?"

"Nakuwekea mbolea, shemeji."

"Ahaa! Ngoja nami nikupalilie."

Jembe likamshukia begani, mfupa ukalia kama muhogo mkavu. Gidioni akamrushia majivu machoni, akachomoa panga. Nimpaye, haoni kitu, akalisikia linavuma, akainama. Likafyeka matawi matatu. Kusikia matawi yanaanguka, akapata wazimu! Akamrukia, akamng'ata sikio, akaling'oa zima, akalitema. Jogoo akalimeza. Kisha akanyakua mchi, akamtandika mdomoni: meno manne yakaruka, yakajikita kwenye mgomba, na mgomba ule mpaka leo unazaa ndizi zinazong'ata.

Damu ikiwafika magotini, Nimpaye akamsindilia tunda mdomoni, halafu kiganja cha majivu.

"Haya, sema ni tamu!"

Wapi! Majivu si machachu, hayageuki. Gidioni akatapika, kisha akayazoa majivu yote shinani kwa kucha zake, akilia, mpaka udongo mweusi ukaonekana. Kichaka kikapona.

"Shikamoo, Mzee Fideli," ikaja sauti mlangoni.

"Marahab..."

Alikuwa Gidioni mwenyewe, meno kamili, masikio mawili.

"Endelea, mzee. Jogoo alishiba?"

Kilabu kizima kikaangua kicheko. Msimulizi akajikuna kisogo, akaagiza ndoo nzima ya pombe kwa wote, na bakuli la kwanza akampelekea Gidioni kwa mikono miwili.