Meza ya Ukingoni

Watu husema nina mdomo, na sikatai. Nimesuka nywele tangu nikiwa msichana, na kazi hiyo hufanywa kwa vidole na mdomo pamoja. Ukinyamaza mteja anasinzia, shingo inalala upande na mistari inaharibika. Wateja wameniita Pilipili mpaka jina langu la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Lakini siku hii ninayoieleza sikuanza mimi. Na aliyeonewa hakuwa mimi, ndiyo maana hadi leo sijapoa. Ningeonewa mimi ningekuwa nimeshalipiza na kusahau.

Aliyeonewa ni rafiki yangu, seremala. Ni mwanamke, na mtaa mzima humwita Fundi, basi. Karakana aliachiwa na baba yake. Saluni yangu ilikuwa mlango wa pili, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikimsema mtu huku, yeye hucheka kule. Ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayesema samahani.

Vumbi la mbao limemla kifua. Daktari alimwambia achague kati ya randa na pumzi. Karakana ikapata mnunuzi, na binti yake, anayeishi mbali, akamtumia tiketi ahamie kwake. Angeondoka Jumatatu. Jumamosi kabla ya hapo nilifunga saluni, maharusi wakatafute pa kusukwa, nikamwambia, "Leo chagua wewe. Popote unapotaka kwenda katika mji huu, tutakwenda."

Mji wetu una vivutio, ati. Wageni huja kwa mabasi kuvitazama. Sisi tuliozaliwa hapa tulikuwa hatujavitia machoni, kwa sababu siku za mapumziko ya watu ndizo siku zetu za kazi: mimi nasuka, yeye anapeleka vitanda.

Fundi hakuhitaji kufikiri. "Twende makumbusho, halafu bustanini," alisema, "halafu tule mchana kule hoteli ya ukingoni. Nataka kukaa kwenye meza yangu."

Hoteli hiyo iko juu ya kilima, ukingoni mwa korongo, na baraza yake inatazama chini mpaka mtoni. Mwaka juzi walimletea Fundi gogo la mti mkubwa ulioangushwa na upepo, wakamwambia atoe meza zote za barazani. Masika nzima alikuwa kwenye kazi hiyo. Alizipiga msasa na kuzipaka mafuta mpaka ukiinama unaona uso wako. Kisha lori likaja, likazibeba, na hakuziona tena. Mimi nikimsuka mtu humwona kesho yake sokoni, kichwa changu kikitembea. Fundi alikuwa hajamwona hata mtu mmoja akila kwenye meza zile.

"Mara moja tu," aliniambia. "Nikae, nitazame korongo, nijue zimekaaje. Nikishaondoka nitarudi lini?"

Sote wawili tulijua jibu.

Makumbusho tulipokewa vizuri kweli. Mlinzi alitutazama juu mpaka chini, macho yakaishia kwenye viganja vya Fundi, akasema bila hata salamu, "Wa usafi ni mlango wa nyuma." Fundi alikuwa amevaa gauni la buluu alilolivaa kwenye harusi ya binti yake. Nilimwuliza mlinzi ni wapi aliwahi kumwona mtu akipiga deki na viatu vya visigino. Fundi akanivuta mkono. "Samahani, kaka," akamwambia, "tumekuja kutazama." Yaani samahani aliitoa yeye. Ndani alipoinama kuona chini ya kiti cha kale jinsi kilivyoungwa, yule mlinzi alimpigia makofi kama anafukuza kuku.

Bustanini viti vyote vilikuwa vimepakwa rangi asubuhi ileile, siku ambayo ndiyo watu huja. Tuliizunguka bustani nzima tukiwa wima. Kila tulipopanda kidogo Fundi alisimama akajifanya anatazama maua, na mimi nikajifanya nayatazama pia, mpaka pumzi yake imrudie. Nilikuwa nimeanza kuvimba. "Acha, Pilipili," akasema. "Hasira utazimalizia hapa, halafu hotelini utakula nini?"

Basi tukapanda hotelini. Barazani, meza zilikuwa zimejipanga kando ya ukingo, zinang'aa, na nyuma yake hakuna kitu ila hewa na mto mwembamba chini kabisa. Zote zilikuwa tupu. Fundi alinishika mkono kwa nguvu. Uso wake ulibadilika, ukawa wa msichana.

"Angalia," akanong'ona. "Na vibao vyangu vipo."

Juu ya kila meza kulikuwa na kibao kidogo kilichochongwa neno moja: IMEHIFADHIWA. Alivitengeneza kutokana na mabaki ya gogo lilelile, kwa sababu hoteli iliviagiza pamoja na meza. Herufi alizichonga kwa patasi, moja moja. Nakumbuka siku ile, maana ndiyo siku pekee niliyomsikia akijisifu. Nilimwuliza kwa nini vibao ni vingi sawa na meza, akasema labda hoteli kubwa ndivyo zinavyofanya kazi.

Mhudumu mwenye tai alikuja. Naye macho yake yakapita kwenye visigino vyangu vyenye vumbi la bustani, yakapita kwenye viganja vya Fundi, yakarudi.

"Mama zangu, hizi zote zimewekewa nafasi."

"Zote?" nikamwuliza.

"Zote. Karibuni huku ndani."

Huku ndani ilikuwa meza ya plastiki iliyobanwa kati ya sinki la kunawia na mlango wa choo. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, wamekunja kadibodi wakaukanyagisha. Kila aliyekwenda haja alitupitia nyuma ya viti, na sisi ilibidi tujivute ili mlango ufunguke. Nilitaka tuondoke. Fundi akasema tumeshafika, tule, na huenda wenye nafasi wakimaliza tutahamia.

"Wakimaliza akina nani?" nikasema. "Hawajaanza."

"Watakuja. Kibao hakiwekwi bure."

Ndivyo alivyo Fundi. Yeye akichonga neno, analiamini.

Tulikula kuku wetu na viazi tukiutazama ule ukingo kwa mbali, kupitia mlangoni, kama watu wanaotazama televisheni ya jirani. Fundi hakuwa na hamu ya chakula. Alikuwa anahesabu kivuli. Aliniambia meza ya tatu ndiyo iliyotoka katikati ya gogo, jua likiisogelea mistari yake itaonekana vizuri, kwa hiyo tusubiri kidogo. Tukasubiri. Jua likaifikia. Hakuna aliyekuja.

Halafu gari likasimama nje, wakashuka mwanamume na mwanamke, miwani ya giza vichwani, funguo zinaning'inia kidoleni. Nimekaa karibu na mlango wa choo, lakini masikio yangu ni mazima. Nilimsikia mwanamume akisema, "Tulikuwa tunapita tu, tukaona tupumzike. Mna nafasi?"

"Nafasi ipo, bosi," akasema mhudumu.

Akaenda mpaka meza ya tatu, akakiinua kibao, akakitumbukiza mfukoni mwa aproni, akavuta viti viwili.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameona. Alikuwa ameshika uma na kuuacha hewani, na tabasamu lake lilikuwa bado lipo, limesahauliwa usoni. Tangu mume wake afe sijamwona na uso ule. Mori ukanipanda hapohapo. Nikasimama, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yangu, nikatoka barazani.

"Kaka," nikamwambia mhudumu, "hawa waliweka nafasi lini?"

"Mama, naomba tusipige kelele."

"Kelele yangu bado huijui. Nakuuliza, lini?"

Akatazama sakafu. Kwa sauti ya chini akasema, "Mama, si mimi. Vibao tunaviweka asubuhi tukishafagia. Akija mtu anayefaa, tunamtolea. Ndivyo tulivyoelekezwa."

Anayefaa. Alilisema neno hilo kama anavyosema chumvi au sahani. Mimi nimeshika vichwa vya watu wa kila namna, vya matajiri vina mba kama vya maskini, na sijawahi kumwambia mtu hafai kukaa.

Meneja alitokea, amevaa suti, mikono ameikunja nyuma. "Kuna tatizo gani?"

"Tatizo ni kibao chako, kinasema uongo," nikamwambia. "Na aliyekichonga amekaa pale chooni. Yule pale, mwenye gauni la buluu. Hizi meza zote zimetoka mikononi mwake. Masika nzima alizikoholea. Keshokutwa anaondoka mji huu, na alichotaka ni kukaa hapa mara moja. Umemweka karibu na choo."

Fundi alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu, anahema. Meneja akamtazama, akaitazama meza, akamtazama tena. Kisha akafungua mikono na kutabasamu.

"Lo, mama, kwa nini hamkusema mapema? Mngesema ni fundi wetu, mngepewa meza."

Nimetukanwa mara nyingi maishani. Tusi lenye tabasamu ndilo lililonichoma kuliko yote. Kwa hiyo asingekuwa fundi wao, choo kingemtosha. Nilifungua mdomo nimpe lake, lakini alikuwa ameshanigeuzia mgongo.

Meneja alimpigia mhudumu kidole, naye akakimbia kuondoa kibao kwenye meza ya pembeni. "Karibuni, karibuni. Na juisi mtaletewa, hiyo ni zawadi yetu." Wale wa miwani walikuwa wametugeukia, wanatazama kama wameletewa mchezo.

Fundi alisogea mpaka kwenye ile meza. Akaweka kiganja juu yake, akakipitisha taratibu, kwa mwelekeo wa mbao, kutoka ncha hii hadi ile. Akatazama korongo. Alitazama kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata meneja.

"Imekaa vizuri," akasema. Halafu akamgeukia meneja. "Nilitaka kukaa. Sikutaka kukalishwa. Asante kwa chakula."

Akashika njia ya lango. Hakusema samahani.

Tulishuka kilima. Chini kidogo kifua kilimbana, akakaa kwenye jiwe, akafungua mkoba kutafuta dawa yake ya kuvuta. Nikaona kitu cha mbao kimechungulia kati ya leso na funguo.

"Hicho umekitoa wapi?"

Akavuta dawa kwanza, akasubiri. "Kilikuwa kwenye meza ya jirani."

"Umeiba, wewe? Wewe?"

"Mbao ni zao," akasema. "Herufi ni zangu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipomwacha nikaona kwamba hacheki tena. Alikuwa amekishika kibao kwa mikono miwili, kidole gumba kinapita ndani ya herufi.

"Nilivichonga vizuri mno, Pilipili," akasema. "Nilikesha navyo nikidhani namtengenezea mtu nafasi yake."

Nilikaa naye pale jiweni nikiwa na hasira ambazo sikujua nizipeleke wapi. Bado ninazo.

Jumatatu nilimsindikiza kituoni. Alipokuwa anapanda basi alinipa kifurushi cha gazeti. "Wewe utajua pa kukiweka," akasema, akanibusu shavu, akaingia.

Saluni yangu ina kiti kimoja cha maana. Kiko karibu na dirisha, kina mikono mipana na mgongo unaokupokea, na kila mteja hukikimbilia. Fundi alinitengenezea nilipofungua saluni, na jioni akishavua koti la kazi alikuja kukaa hapo, na vumbi lake, tukawasema watu. Nikakifuta kiti, nikaweka kibao juu yake.

Wiki iliyopita aliingia mama mmoja, funguo za gari mkononi, akakielekea moja kwa moja. Nikamwambia kimehifadhiwa. Akatazama saluni tupu, akauliza ni cha nani. Nikamwambia ni cha Fundi. Akauliza Fundi anakuja saa ngapi. Nikasema sijui, na kwa kifua kile huenda asije. Akaniambia nina dharau. Nikamwonyesha benchi karibu na sinki, nikamkaribisha kwa heshima zote.

Fundi hupiga simu jioni. Pumzi yake siku hizi ni fupi, maneno yanakuja mawili mawili, na kabla hajaniuliza habari za watoto huuliza kama kuna mtu amekaa.

Namwambia hakuna. Wamekuja wengi, na hakuna aliyekaa.