Rangi ya Mwanga Dukani kwa Elieza

Mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, duka la Elieza katika mtaa wa Sakina halikukosa wateja. Aliuza tochi za LED kutoka China, za kila umbo, na kwa kuwa duka lilikuwa refu na jembamba, sehemu ya nyuma ilikuwa na giza hata mchana. Huko ndiko wateja walikojaribia tochi zao.

Nosim aliingia ameshika koti lake jeupe la kazi. Alikuwa mkunga katika zahanati moja magharibi mwa Mlima Meru, na siku chache nyuma alikuwa amemzalisha mama huku ameng'ata simu kwa meno ili apate mwanga.

"Shikamoo, baba. Natafuta tochi yenye nguvu, ila ikae kwenye mfuko wa koti hili. Nikiinama isianguke."

"Marahaba, mwanangu. Livae, njoo huku nyuma."

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, yenye kibanio kama cha kalamu. Ilishika mfuko vizuri mno. Nosim akamulika kiganja chake, akakunja uso.

"Ina ubluu. Mtoto akizaliwa nikimmulika na hii nitadhani amekosa hewa."

Elieza akacheka. "Wenzako huniuliza inafika mbali kiasi gani. Rangi hawaijali."

Akampa nyingine, fupi, iliyozama mfukoni yote. Hiyo ilikuwa ya njano kama kibatari. Koti jeupe likageuka rangi ya maziwa ya mgando yaliyoingia moshi. Nosim alikataa. Watoto wachanga hupata manjano, alisema, na kwa mwanga huo wote wangeonekana wagonjwa.

Ya tatu ilikuwa nene na nzito. Ilivuta koti upande mmoja kana kwamba amebeba jiwe. Lakini chini ya mwanga wake koti lilibaki jeupe, na kiganja kikawa kiganja.

"Nimulike na mimi," Elieza alitania, "uone kama bado ni kijana."

Nosim akamulika. Akarudisha mwanga kwenye koti, kisha tena usoni.

"Baba, hebu angalia juu. Umekuwa ukiumwa?"

"Uchovu tu. Malaria. Nimekunywa dawa."

"Mkojo wako una rangi gani?"

Elieza alitazama mbele ya duka, ambako mkewe Kandida alikuwa akipanga betri, akashusha sauti. "Kama chai ya rangi. Na mwili unaniwasha."

Nosim akamtoa nje, kwenye jua. Weupe wa macho yake ulikuwa wa njano. Kandida akawafuata, akaona, na betri zikamdondoka.

"Baba Godbless! Mimi nalala na wewe nyumba moja, nimekosaje kuona?"

"Mtu unayemwona kila siku hubadilika polepole, mama," Nosim alisema. "Na jioni mnaonana kwa taa ya mafuta. Usijilaumu."

Elieza aliketi kizingitini. "Baba yangu aliondoka duniani hivi hivi, kule Machame. Alikuwa wa njano mpaka kucha. Mkojo ulipogeuka rangi, mimi niliacha kujitazama kwenye kioo."

Kandida akachukua kufuli, akafunga duka.

"Nitakwenda nanyi hospitali," Nosim alisema.

Hospitalini walimpima, wakakuta jiwe limeziba njia ya nyongo. Akafanyiwa upasuaji. Nosim alipokwenda kumwona wodini, alikuwa amekonda, lakini macho yalishaanza kurudia weupe, na Kandida alikuwa akimlisha mtori wa ndizi kijiko kwa kijiko.

"Mwanangu," Elieza alisema, "kumbe ni jiwe tu. Nimekuwa nikiwaza, labda hata kwa baba lilikuwa jiwe tu. Nasi tulimwekea maji ya kunywa kando ya kitanda, tukangoja."

Kandida aliweka bakuli chini, akamshika mguu juu ya blanketi. Nosim akavuta kiti, akaketi. Elieza akaanza kuwasimulia habari za baba yake: alivyokuwa mrefu, alivyopenda kuimba kanisani ingawa hakujua kushika sauti. Kandida alikuwa hajawahi kuzisikia.