Chungu Kimoja cha Mzee Kipruto

Saa moja na dakika kumi, Jumatatu asubuhi, mashine ya presha ilisoma 172 kwa 106. Chepchirchir, mhudumu wa afya wa kijiji huko Merigi, aliandika namba hizo. Upasuaji wa henia ya Mzee Kipruto ulikuwa umeahirishwa mara mbili kwa sababu ya namba kama hizo. Siku ya tatu aliyopangiwa ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Dawa unameza?"

"Kila siku. Muulize huyu." Mzee alimwashiria mkewe, Phelis, kwa kidevu.

"Na busaa?"

"Chungu kimoja. Siku ya soko na Jumamosi. Na tuko watu sita, kila mtu na mrija wake. Gawanya uone kama kuna pombe hapo."

"Wale watano huwa wanaimba," alisema Phelis. "Huyu hapati nafasi ya kuimba."

Chepchirchir hakubishana. Alijua kwamba Kipruto alikuwa karani wa kupima majani chai kwa miaka ishirini, na hakuna mkulima aliyethubutu kumwambia akadirie kwa macho. Akaomba mrija wake mrefu, akajaza maji kwenye ndoo yenye alama za lita.

"Vuta mara kumi, mzee, vile unavuta Jumamosi."

Alivuta. Kisha akainama mwenyewe kusoma.

"Hizi alama nani aliweka?"

"Kiwanda."

Maji yalikuwa yamepungua nusu lita.

"Hiyo ni karibu chupa moja ya bia," alisema Chepchirchir. "Jumamosi unavuta kumi ngapi?"

Kipruto alikuwa bado anazikagua alama za ndoo. Phelis akajibu, "Kutoka saa nane mpaka ng'ombe wakamuliwe? Sita. Saba."

"Hakuna kiasi kisicho na hatari kabisa. Wanaokunywa huambiwa wasipite chupa moja au mbili kwa siku, na siku zingine wasiguse. Lita tatu zinapandisha presha, dawa inabaki kazi bure. Wewe, mpaka upasuliwe, ni sufuri."

"Sufuri," alisema Kipruto, kama anayerudia kilo zilizosomwa kwenye mizani. Akampa Phelis mrija auweke.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi saa mbili asubuhi, muuguzi wa hospitali alisoma 134 kwa 82. Saa tatu na robo kitanda cha magurudumu kilipita mlango wa chumba cha upasuaji, Kipruto juu yake, akiuliza mashine yao ya presha ilikaguliwa lini.