Mkia Hauna Kulia

Mtunza panya wa maabara ile hakuwa mtu wa vyeti. Shule aliiacha mapema, akaanzia kuosha vizimba. Wenzake walimwita Shemeji wa Panya. Hakukasirika, aliwajibu kwamba wakwe zake angalau hawamsengenyi.

Panya wa Daktari walikuwa ishirini. Kumi walizaliwa na ugonjwa wa kusahau, ule unaowashika wazee, na kumi walikuwa wazima. Mgonjwa alitobolewa sikio la kulia, mzima la kushoto. Daktari alipewa namba tu, hakuambiwa nani ni nani, asije akaona anachotaka kuona. Orodha iliandikwa na Shemeji, ikafungiwa kwenye droo yake.

Kwa kila panya, Daktari alichukua kipande chembamba cha ubongo, akaigusa seli moja kwa sindano ya kioo, akaisukumia umeme kiduchu na kuhesabu imeshtuka mara ngapi. Aliamini seli za wagonjwa hushtuka upesi kuliko za wazima. Alihesabu miaka miwili.

Siku ya kufungua orodha, tofauti haikuwepo. Wagonjwa na wazima sawasawa.

"Basi," alisema Daktari. "Jumatatu nawaambia wakubwa tufunge."

"Tufunge nini, dada?"

"Kila kitu. Nenda kalishe wakwe zako."

Akaenda, kichwa kizito. Kwenye kizimba cha zamani alikuwemo ndugu yao mmoja aliyebaki, na kadi ya mzee aliyemwachia kazi: mgonjwa, kulia. Akamkamata panya shingoni, kwa nyuma, kama alivyozoea. Tundu lilikuwa kushoto.

Akakumbuka. Yule mzee alikuwa anawageuza panya wamtazame usoni, eti ndiyo adabu. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwa panya. Na kumi wa kwanza, wagonjwa watano na wazima watano, aliwatoboa mzee huyo. Shemeji aliandika orodha kwa kuangalia masikio tu. Kadi hakuzisoma hata moja.

Angenyamaza, nani angejua? Akisema, kazi hana. Alizunguka chumba mara mbili, akajikaza kisabuni, akarudi.

"Dada, orodha ni mbovu. Nimeiharibu mimi."

Akaeleza yote. Daktari alimtazama mpaka akatamani kutoroka.

"Kwa hiyo niwageuze kumi, hesabu ipendeze, halafu nani ataniamini? Unataka kuniponza wewe!"

"Usigeuze kitu. Kapime mikia."

Kila panya alipozaliwa alikatwa ncha ya mkia, ikawekwa kwenye friza na namba yake. Kipimo kingeonyesha nani alirithi ugonjwa.

"Mkia hauna kulia wala kushoto," alisema Shemeji. "Na wapime watu wengine. Si mimi, si wewe."

"Kwanza utawaambia wakubwa. Kwa mdomo wako."

Aliwaambia, amesimama. Mmoja alimwita mzembe. Hakubisha.

Majibu yalichukua siku tisa. Wale kumi wa mzee, wote walikuwa wamepinduliwa. Daktari akahesabu upya: seli za wagonjwa zilishtuka upesi kweli, ingawa si kwa kiasi alichotarajia. Akamgeukia Shemeji.

"Ufunguo wa droo," alisema.

Shemeji akauchomoa, akauweka mezani.

"Na vizimba, dada?"

"Vizimba baki navyo. Kesho tunaandika utaratibu wa kumshika panya."

"Mimi na kuandika wapi na wapi?"

"Nani kakwambia uandike? Wewe utashika, mimi nitaandika."