Sakafu Inayokohoa

Usijifanye hukusikia. Ulikuwa kwenye foleni ya benki, sakafu ikakohoa chini ya viatu vyako, nawe ukainamia simu. Msugua mawe alisikia. Alikuwa amepiga magoti hapo hapo, saa nne asubuhi, akiziba ufa kwa nta. Vikohozi viwili vikavu, kimya, kisha kimoja kirefu kama msumeno unaoingia jiweni. Kilikuwa kikohozi cha marehemu mumewe, aliyeyakata mabamba ya sakafu ile wiki moja kabla ya kulazwa hospitali.

"Leo umewahi kuamka," aliiambia sakafu, akaendelea kusugua.

Karakana iliyowaajiri wote wawili ina kibao cha marumaru mlangoni: BABU, MWANA NA MJUKUU. MIAKA SABINI YA MIKONO YETU. Babu kweli alikata kwa mikono yake. Kabla hajajenga ofisi alichimba kisima uani, akaweka bomba juu ya msumeno, na maji yakadondokea meno ya msumeno mchana kutwa. Vumbi likawa tope, tope likaenda mtaroni. Mwana naye aliliacha bomba lile lidondoke. Mjukuu alipokabidhiwa funguo aliona kwamba jiwe lililolowa linataka siku mbili kukauka, na wateja wa siku hizi hawana subira. Akatia kufuli kwenye bomba. Tangu hapo wakata mawe hurudi nyumbani weupe kama wapishi wa mikate, na wanne wamezikwa. Wa nne alikuwa mume wa msugua mawe. Anayeshika msumeno sasa ni mdogo wa msugua mawe mwenyewe, mtoto wa mwisho wa mama yao.

Jumatatu alimsikia mdogo wake akikohoa. Viwili vikavu, kimya.

"Ni mafua, dada," alisema. "Usinililie, bado namaliza mabamba mawili."

"Hata shemeji yako alikuwa anamaliza."

Akapanda ofisini bila kuvua aproni.

"Bosi, sakafu ya benki inakohoa."

"Nimepigiwa simu, mama," alisema Mjukuu. "Na ngazi za mahakama pia. Hata kaburi la baba yangu linakohoa, tulilijengea mawe yetu wenyewe."

"Ile ya benki ni mume wangu."

"Tunajua. Mhasibu alimtambua siku ile ile. Pole sana."

"Sikuja kuchukua pole. Fungua bomba. Mdogo wangu ameanza."

Mjukuu aliinua macho kwenye picha ya babu yake ukutani. "Mama, mzee alituachia jina. Jina ni kufikisha mzigo kwa wakati."

"Alikuachia na kisima."

Mjukuu alicheka kidogo, kama mtu aliyekumbushwa utani wa kale, akafungua kabrasha jingine.

Wiki iliyofuata kila bamba lilitoka na karatasi iliyogundishwa nyuma: MARUMARU HALISI HUKOHOA. JIHADHARI NA ZA BANDIA. Oda zikaongezeka maradufu. Bibi mmoja wa mjini aliirudisha meza yake kwa kuwa ilikuwa kimya. Iligundulika ilikatwa enzi za maji. Mjukuu alimwomba radhi mwenyewe, akaagiza akatiwe nyingine.

Meza mpya ililetwa kwa msugua mawe aing'arishe. Alimwaga poda, akazungusha kitambaa mpaka akauona uso wake ndani ya jiwe, akainama kutazama kama pana mikwaruzo. Meza ikakohoa. Viwili vikavu, kimya, kisha kimoja kirefu. Sauti ilikuwa changa, ya mtoto wa mwisho wa mama yao.

Aligeuka dirishani. Mdogo wake alikuwa hai, pale uani, hatua sita kutoka kwenye bomba, mweupe mpaka kwenye kope, akipima bamba jingine.

Msugua mawe aliifunga meza kwa blanketi, akaandika "tayari" kwa chaki, wabebaji wakaichukua. Bibi aliipiga busu.

Kufuli lenyewe ni la shaba, dogo kuliko ngumi yako. Geti liko wazi tangu asubuhi. Ingia, pita kibao, pita ofisi. Bomba liko kushoto kwa kisima, juu ya msumeno. Msumeno unanguruma mpaka saa kumi na moja jioni. Wewe umesoma mpaka hapa, kwa hiyo huwezi tena kusema hukusikia. Weka hiyo simu chini. Chukua nyundo, twende.