Cheti cha Mwenye Simu

Mdogo wangu ndiye aliyesoma. Nalisema mapema, asije mtu akanieleza vingine.

Tulikuwa madobi wa hospitali, mimi kwenye pasi, yeye kwenye mashine za kufulia, penye ile dawa kali ya kutoa madoa ya damu. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumgomea. Daktari alimwambia atoke pale, la sivyo mapafu hayatapona. Atoke aende wapi? Ghorofani, stoo ya dawa, walikuwa wanatafuta msaidizi, lakini mwenye cheti.

Basi akapata kozi ya bure mtandaoni, ya utunzaji wa dawa. Bure, kwa yeyote, popote alipo. Alisomea kwenye simu ya mumewe, kaifunga ndani ya mfuko wa nailoni isiingie unyevu, macho kwenye somo, mikono kwenye mashuka. Video ikikwama, anasubiri huku anakohoa. Nilimtania, "Profesa, mashine yako imeshasimama!" Lakini moyoni nilimwonea fahari, na wiki ya mtihani nilimfanyia zamu zake zote.

Alifaulu. Cheti kikaja, kizuri, kina jina la shemeji yangu.

"Walipouliza jina, dada," alisema, "nilidhani wanataka la mwenye simu."

Simlaumu. Kwao kila kitu kina jina la mume: umeme, maji, hata kadi ya kliniki ya mtoto. Akawaandikia wenye kozi. Likaja jibu la mashine: asante kwa kujifunza nasi. Akaandika tena, likaja lile lile. Shule gani hiyo, haina mlango wa kugonga wala mwalimu mkuu wa kugombana naye! Arudie kozi? Usajili umeshafungwa. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wa mdogo wangu alizaa mume.

Mkuu wa stoo alikitazama cheti, akauliza, "Huyu bwana mwenyewe yuko wapi?"

Bwana alikuwa nyumbani, hana kazi tangu lori alilokuwa akiendesha liuzwe. Nilimwambia asithubutu kwenda kuichukua kazi hiyo.

"Shemeji," akanijibu, "mke na mume si kitu kimoja? Akipata mmoja si tumepata wote?"

Mdogo wangu akamfundisha majibu ya usaili yeye mwenyewe. Nilitamani kuwachapa wote wawili.

Sasa shemeji anavaa koti jeupe. Stoo simu haziruhusiwi, kwa hiyo kila mara huteremka mpaka mlangoni kwetu, kaziba pua, anauliza kwa sauti ya chini chanjo ipi haitakiwi kuganda, dawa ipi itoke kwanza. Mkewe humjibu vipande vipande, kikohozi kikimkatiza.

Juzi alikohoa damu kwenye shuka safi. Akamwambia mumewe anataka kuacha kazi, apumzike.

Shemeji alitazama huku na huku, akamsogelea. "Vumilia kidogo, mke wangu. Ukiondoka hapa, mimi nitamuuliza nani?"

Mdogo wangu akalikunja lile shuka, akalirudisha kwenye mashine.